Luteni Niliyemwacha Hai

Machi 2

Mvua imeanza leo. Binti yangu amenichoka; anasema nikiwa na neno limenikaa kooni niliandike, nisimpigie simu akiwa kazini. Haya, naandika, nyuma ya daftari langu la vipimo. Mbele ni vifua na viuno vya watu, huku nyuma ni kwangu.

Neno lenyewe ni hili: Fundi amepata msomaji mpya.

Fundi ni mume wangu. Alikuwa fundi bomba mpaka macho yakaingiwa na ukungu. Daktari anauita mtoto wa jicho, anasema unatolewa na mtu anarudi nyumbani siku hiyohiyo, lakini kila akiambiwa, Fundi hujibu, "Bado." Anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Kwa hiyo kila jioni baada ya chakula mimi humsomea vitabu vyake vya vita. Ni rafu nzima, na vyote ni vya mahandaki: askari wa miguu wamekaa shimoni wakiwavizia askari wenzao walio kwenye shimo jingine, mwaka unaingia mwaka unatoka, wakigombea shamba ambalo hata mbuzi asingelitamani. Vita sivipendi. Naipenda ile saa.

Sasa nimepata oda ya sare za shule na jioni zote nipo kwenye cherehani. Fundi, kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani, akaniambia nisijisumbue, jirani mpya wa mlango wa pili amejitolea kumsomea. Jirani mwenyewe ni yule Mtangazaji. Miaka na miaka alisoma redioni taarifa ya habari na matangazo ya vifo, na watu walikuwa wakisema usiposomwa na mama yule hujafa vizuri. Amestaafu, ni mjane, na kati ya milango yote duniani amepanga karibu na wangu.

Machi 3

Amekuja. Amempa Fundi mkono, akamwita kaka. Mimi akaniita wifi. Tangu lini?

Machi 5

Wanakaa sebuleni, mimi nipo chumba cha mbele na mashine yangu, katikati kuna pazia. Sauti ya mwanamke huyu haihitaji mlango. Anasoma jinsi kikosi kilivyokaa chini ya mizinga wiki nzima, na kila neno linafika likiwa zima, kama yai lililowekwa mezani. Mimi nikisoma huwa namumunya majina ya vikosi na kuruka tarakimu. Yeye anataja hata namba za kurasa.

Fundi amemwambia, "Rudia hapo, dada." Kwangu hajawahi kusema rudia.

Nimeshona shati la mtoto likawa na mikono miwili ya kushoto.

Machi 9

Fundi amenyoa ndevu. Mtu haoni kioo, kanyoa. Kisha akaniuliza kama shati la bluu limepigwa pasi. Nilimwambia pasi imeharibika. Pasi ni nzima.

Machi 10

Mvua kutwa. Namuuliza kulikoni kunyoa, anasema zilikuwa zinamwasha. Kikulacho ki nguoni mwako.

Machi 13

Kile kitabu chembamba cha mto na daraja wamekimaliza, na leo Fundi ameomba kile chekundu. Nimesikia kwa masikio yangu nikiwa na pini mdomoni, kidogo nizimeze.

Lazima nieleze habari ya kitabu chekundu.

Ndani yake kuna Luteni. Kijana wa miwani, mwembamba, aliyepelekwa na kikosi chake kwenye bonde lenye maji. Wenzake wote wanawaza adui. Yeye anawaza maji yaende wapi. Anachimba mfereji chini ya sakafu ya handaki, anapanga mbao kwenye kuta, anajaza viroba vya mchanga, anagombana na wakubwa wanaomwambia atulie. Fundi anampenda Luteni huyo kuliko binadamu wengi walio hai. Anasema, "Maji hayana cheo, na huyu peke yake ndiye anayejua." Tumekisoma kitabu hicho zaidi ya mara moja na kila mara Luteni anatoka salama, anapanda cheo, vita vinakwisha, anarudi kwao akiwa na mguu wenye baridi yabisi na tabia ya kukagua mifereji ya barabarani.

Kitabuni hafiki huko. Anakufa kabla kitabu hakijafika katikati. Si kwa risasi. Asubuhi moja ya mvua yuko chini anapima mteremko, na ukuta wa handaki unamshukia.

Fundi alikuwa na mdogo wake, shemeji yangu, waliyefanya naye kazi tangu wakiwa vijana. Masika moja walikuwa wanachimba mtaro wa bomba kubwa. Fundi akapanda juu kufuata kipande cha bomba, na ukuta wa udongo ukashuka. Alimfukua kwa mikono yake. Tangu mazishi hajamtaja, na sisi tukajifunza kutomtaja mbele yake. Mwaka uliofuata ukungu ukaanza kushuka machoni.

Basi siku ya kwanza kumsomea kitabu kile, macho yangu yalitangulia mdomo kwa mistari michache, nikaona kinachokuja. Nilisema, "Luteni akaruka pembeni, ukuta ukashuka pale alipokuwa amesimama." Na mtu ukishamwokoa huwezi kumtelekeza. Mbele kuna nahodha mmoja, mtu mzuri tu, ambaye nimemnyang'anya kila alichotenda nikampa Luteni, hata barua ya pongezi. Sioni kosa. Mchele unachambuliwa mawe kabla ya kupikwa.

Lakini Mtangazaji hachambui. Kazi yake ilikuwa kusoma jina la marehemu kama lilivyoandikwa.

Machi 14

Wameanza ukurasa wa kwanza.

Machi 17

Nimeamua kuwa mwenyeji mwema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakikaribia kuanza, napeleka chai. Wakianza, narudi na sukari. Wakishika kasi naingia na kipimo changu na kumwomba Mtangazaji asimame nimpime, eti nina kitambaa kinachomfaa. Ana kiuno bado, sitamnyima haki yake.

Leo wamesoma kurasa mbili tu.

Machi 21

Fundi amekubali kupasuliwa macho.

Nimemsihi kwa miaka. Binti amelia kwenye simu. Daktari amechora picha ya jicho kwenye karatasi. Jibu likawa bado, bado. Sasa mwanamke amekaa kwenye kiti chetu karibu wiki tatu, na mtu anasema wakati wa chakula, kama anayeomba chumvi, "Mwambie binti apange siku."

Binti amefurahi mpaka amepiga kelele ofisini kwao. Nami nimesema alhamdulillahi na machozi yamenitoka, ila sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe, hayakuwa yote ya furaha. Mtu anataka kuona kuna nini nyuma ya ile sauti. Kwa sura yangu mbona hakuwa na haraka? Niliingia chumbani nikajitazama. Nina mifuko ya uchovu chini ya macho, na uzi wa kaki kwenye nywele.

Nina wivu. Nimeandika. Nina wivu wa mwanamke anayemsomea mume wangu habari za panya na seng'enge.

Machi 22

Siku ya upasuaji ni Aprili 24.

Machi 29

Mvua haijakata. Uani kumejaa, na Fundi kwa kusikiliza tu amejua kwamba maji yanaelekea msingi wa nyumba badala ya mtaroni. Amenielekeza akiwa mlangoni, mimi nimeshika jembe: kulia, zaidi, usinyooshe, lipe kona. Nikamuuliza kona ya nini. Akasema handaki lililonyooka ni kaburi, bomu moja linafagia wote. Na mtaro ulionyooka kwenye mteremko unakimbiza maji mpaka yanakula kingo. Tulicheka, tukalowa. Kwa saa nzima nilikuwa na mume wangu.

Kisha saa ya kusoma ikafika, akaenda kubadilisha shati.

Aprili 3

Leo nimewasikia wakibishana, wakicheka, kuhusu Luteni. Mtangazaji kampenda pia. Hata Luteni!

Fundi amemuuliza, "Bado sana kufika kwenye mvua kubwa?" Akajibiwa bado kidogo. Anangoja kuona Luteni wake anavyoruka pembeni. Hajui.

Nimefikiria kumwambia Mtangazaji ukweli na kumwomba asaidie. Ulimi umekataa. Nimwombe yule? Nimfunulie kitu pekee kilichokuwa chetu, ili naye awe amekishika?

Aprili 5

Nimekishona.

Walikuwa wameenda kliniki kupima presha ya Fundi kabla ya upasuaji, binti akiwaendesha. Mtangazaji naye akapanda, eti ana dawa za kuchukua. Nilibaki na kitabu chekundu mezani. Nikachukua sindano namba ndogo na uzi mweupe, nikashona karatasi yenye habari ya ukuta kushuka na ya mbele yake, ukingo wote, mshono wa pindo, uliofichwa. Ukifungua haraka unaruka kutoka mfereji hadi sura inayofuata. Ni kazi safi kuliko yoyote niliyoifanya mwaka huu.

Aprili 6

Suruali sita. Mvua.

Aprili 9

Jioni walikuwa wanakaribia. Nilisimamisha mashine nisikilize. Sauti ilikuja ikishuka na kupanda, mvua kitabuni na mvua kwenye bati, Luteni anateremka handakini na fimbo yake ya kupimia. Nikasikia ukurasa unafunguliwa. Kisha kimya.

Kimya cha mtu wa redio kinatisha kuliko cha mtu mwingine. Nikasikia sauti ya Fundi, chini, maneno sikuyapata. Kiti kikasogezwa. Pazia likafunguka, Mtangazaji akasimama mbele yangu na kitabu kikiwa wazi mikononi.

Nilijua atakachosema. Nilikuwa nimeshapanga majibu, na makali ya kutosha.

Alisema, "Wifi, kaka ameniambia nije kwako niombe mkasi."

Nikamuuliza mkasi wa nini, kama mjinga.

"Ameugusa uzi tangu juzi. Kitabu kilikuwa mapajani mwake akinisubiri, vidole vikapita pembeni. Akaniambia huo ni mshono wa pindo za suruali zake, hakuna mwingine anayeshona hivyo. Akasema tukifika hapo nisifumue wala nisikate mpaka mwenye uzi akubali."

Nilikaa. Nikamweleza yote, maana hapakuwa na pa kukimbilia: shemeji yangu, mtaro, ule ukuta, na Luteni ninayemvusha kila mara. Nikamwambia akiusoma ukurasa huo atamuua mume wangu, na akitaka kusifiwa kwa sauti yake atafute kwingine. Ndiyo, nililisema hilo pia.

Hakukasirika. Alikaa juu ya rundo la sare na kuzikunja. Akasema, "Wifi, yeye ndiye aliyeniomba ukurasa huu. Siku ile ya kwanza, kabla hata hatujagusa kitabu. Aliniambia, kuna ukurasa nataka nisomewe na mtu aliyezoea kusoma vifo, na mke wangu nisimbebeshe. Tulichotangulia kusoma kilikuwa cha kujiandaa tu."

Niliuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Muulize. Mimi husoma tu."

Nilichukua mkasi mdogo wa kufumulia. Sikumpa. Niliingia nao sebuleni mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu mwanzo wa mvua nikiwa sina chai wala kipimo. Fundi alikuwa ameelekeza uso dirishani. Nikakaa chini karibu na goti lake, nikaweka kitabu juu yake, nikafumua mshono wangu, kitanzi baada ya kitanzi, akisikiliza. Nilipomaliza nikampa Mtangazaji kitabu, nikamshika Fundi mkono, ule wenye kovu la kucha iliyong'oka siku ile ya kufukua.

Akasoma. Hakupandisha sauti wala hakuiteremsha. Luteni aliinama kupima. Ukuta uliokuwa na mbao upande mmoja tu, kwa sababu mbao hazikutosha, ukashuka. Askari walichimba kwa makoleo, kisha kwa mikono. Akasoma cheo chake, kikosi chake, umri wake. Akanyamaza kwa muda uleule ambao redioni walikuwa wakiutumia kabla ya jina linalofuata.

Fundi alisema, "Upande mmoja tu." Kisha akalitaja jina la mdogo wake, la utotoni, lile la nyumbani. Akalia kama watu wanavyolia msibani, wazi, na mimi nikalia naye. Mtangazaji alifunga kitabu na kutoka bila kuaga, na nilimshukuru kwa hilo.

Aprili 10

Amezungumza kutwa. Mtu aliyekaa kimya miaka yote hiyo, leo sikupata hata nafasi ya kutia uzi kwenye sindano.

Anasema siku ile mbao hazikutosha. Waliziweka upande uliokuwa umelowa zaidi, na ulioshuka ni ule mwingine. Baadaye, akiwa bado anaona kidogo, alipita kwa muuza vitabu, akakifungua kitabu chekundu akakuta ukurasa uleule. Akakinunua kwa ajili yake. Na vile vingine vyote vilivyofuata, rafu nzima niliyodhani ni ugonjwa wa wanaume wazee, vilikuwa vya kutafuta jambo moja: majeshi makubwa, yenye wahandisi na majenerali, yalizuia vipi kuta zisishuke. Nikamuuliza yalizuia vipi. Akasema hata wao zilikuwa zinawashukia.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema. "Siku zote. Luteni."

"Nilijua. Mara ya kwanza uliponisomea, nilijikaza nikisubiri ukuta. Ukasema ameruka pembeni. Nikabaki nimekaa, nikasema moyoni, kumbe kuna mtu anayeweza kumtoa."

Nilimuuliza kwa nini basi akamtafuta mwingine.

"Nikipona macho nitaufungua ukurasa ule nikiwa peke yangu. Najijua. Niliwahi kuusoma peke yangu, sikutaka tena, ndiyo maana nikawa nasema bado. Na wewe ningekuombaje umzike mtu uliyekuwa unamwokoa?"

Nikasema na ndevu je? Akasema zilikuwa zinamwasha. Hapo sijaridhika.

Aprili 15

Nimemshonea Mtangazaji gauni lile la kitambaa nilichomdanganyia. Nilikuwa nina vipimo tayari. Akaniambia, "Asante, wifi," nami nikaitika. Limemkaa vizuri kupita kiasi.

Aprili 24

Wametoa ukungu jicho la kulia. Ana bandeji. Amelala. Binti amelala kitini.

Aprili 25

Bandeji imetolewa kliniki saa tatu asubuhi. Mtu wa kwanza kumwona alikuwa nesi, wa pili mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, nikataka kufunika uso na mkoba. Akasema, "Una uzi kwenye nywele," akautoa.

Jioni Mtangazaji alikuja kumpa pole, amevaa gauni langu. Fundi akamwona. Nami nilimtazama Fundi akimwona, sikupepesa. Alimsalimu kwa heshima, wakaongea habari za mvua. Alipoondoka Fundi akaniambia alidhani ni mrefu zaidi. Nimekula vizuri sana usiku huu.

Mei 2

Shule zimefunguliwa. Watoto wanapita barabarani na sare zangu, yupo mmoja anayevuta mkono wa shati kila hatua. Ni lile la mikono ya kushoto. Nimemwita nikalirekebisha.

Mei 6

Mvua imepungua, yanayoanguka ni manyunyu. Fundi anasoma mwenyewe sasa, miwani mipya puani, kitabu amekishika mbali kama kinanuka. Anasoma gazeti, anasoma maandishi ya kwenye boksi la dawa, anasoma kila kitu. Mimi nina jioni tupu na mashine isiyo na kazi. Hakuna wa kumwonea wivu, na hilo nalo linauma. Mtangazaji ameanza kuwasomea wagonjwa hospitalini.

Mei 9

Leo baada ya chakula Fundi alikwenda kwenye rafu. Nikafikiri anachukua kipya. Akarudi na kile chekundu, akakifungua penye matundu ya sindano, kingo zote mbili, madogomadogo kama ya kuumwa na mdudu. Akavua miwani akaiweka mfukoni. Akanipa kitabu.

Nikamwambia, "Si unaona sasa? Soma."

"Kilivyoandikwa nakijua," akasema. "Nisomee wewe."

Nje maji yalikuwa yanapita kwenye mtaro wetu wenye kona, yakielekea yanakotakiwa. Nikavuta kiti. Nikasoma mvua, nikasoma bonde, nikamsoma Luteni akishuka na fimbo yake na miwani yake iliyojaa matone. Nilipofika kwenye ukuta nilimtazama Fundi. Alikuwa amefumba macho, mikono imekamata magoti.

Nikasema, "Luteni akaruka pembeni, ukuta ukashuka pale alipokuwa amesimama. Na mdogo wake, aliyekuwa naye handakini siku hiyo, akaruka naye."

Fundi hakufumbua macho. Akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.